Uzi Mwekundu Kwenye Shina

Mideva hakuwa mwanamke wa wivu. Hayo aliyasema mwenyewe, na aliyasema mara nyingi mno, mpaka majirani zake wa Kaloleni wakaanza kujiuliza ni nani aliyemshtaki.

Shida, kama ilikuwepo shida, ilikuwa ni maua. Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja cha kaunsili ya jiji chenye dirisha moja, na dirisha hilo liligombaniwa na cherehani ya Mideva na maua ya mumewe. Luseno alikuwa ameajiriwa mjini, katika jengo refu la maofisi, kuinywesha na kuipangusa vumbi miti iliyopandwa ndani ya nyumba, utadhani nje nafasi ilikuwa imekwisha. Kila kilichokatwa kule alikifunga kwenye gazeti akaja nacho. Akakipanda kwenye mkebe wa mafuta wa Kasuku, kwenye mkebe wa siagi wa Blue Band, hata kwenye sufuria iliyotoboka ambayo Mideva alikuwa bado anaiombolezea.

Kufikia mwaka wa tisini na nne, dirisha lilikuwa pori. Palikuwa na ua la kutambaa lenye mabaka ya manjano, lililopanda mpaka darini, likakosa pa kwenda, likarudi chini. Palikuwa na mti wa majani mazito uliokuwa umeinamisha shingo chini ya dari. Na palikuwa na lile alilolipenda Luseno kuliko yote, la majani mekundu yenye ukingo wa kijani, ambalo Kaloleni nzima hapakuwa na mwingine aliyekuwa nalo.

"Mimi ni fundi wa nguo ama ni mchungaji wa msituni?" Mideva angeuliza, akiinamia sindano asiyoiona vizuri. Mitumba ya soko la Gikomba ilikuwa tayari imewala mafundi wengi. Wateja waliobaki walitaka mshono ulionyooka, na mshono haunyooki gizani.

Basi wakapatana. Kila Jumapili baada ya kanisa, Luseno angeyapunguza maua ili cherehani ipate mwanga. Na tuseme ukweli, mzee huyo alijua kukata. Aliketi kwenye kigoda na mkasi mkuukuu, akauzungusha mkebe polepole, akalitazama ua kwa muda mrefu kama kinyozi aliyeletewa mtoto mwenye kichwa kigumu. Alianza na kilele, kwa sababu ua likikatwa kilele huacha kurefuka na kutoa matawi ya kando. Kisha akaondoa matawi yaliyoelekea ndani, yanayonyimana hewa. Alikata juu kidogo ya kifundo, kwa mshazari, na penye jeraha akapaka jivu la jikoni kwa ncha ya kidole.

"Usipolikata," alizoea kusema, "litakimbilia mwanga mpaka libaki shingo tupu. Anayelipenda ua hulikata."

Matawi yaliyokatwa yalitupwa kwenye jaa, nyuma ya bomba la maji la pamoja. Ndivyo ilivyokuwa mpaka Jumapili moja ya mwezi wa tano, Mideva alipokwenda kumwaga maji ya vyombo akaona jaani hamna jani hata moja. Maganda ya viazi yalikuwepo, kiatu kimoja kilikuwepo. Majani mekundu, hapana.

"Yale matawi umeyatupa wapi?" aliuliza Luseno aliporudi jioni.

"Mtoni."

Mideva akaendelea kusonga ugali. Lakini jamani, ni mtu gani mwenye akili zake anayelipita jaa lililo hatua chache na nyumba yake, akabeba majani mpaka mtoni?

Tangu siku hiyo Mideva akawa na macho mapya. Aliona kwamba Luseno hakuyakusanya tena matawi kwa ufagio, bali aliyapanga moja moja juu ya gazeti lililoloweshwa maji, yale yenye vifundo vizuri juu, kisha akayafunga vizuri kuliko alivyowahi kumfungia mkewe zawadi yoyote. Aliona kwamba Jumapili, baada ya kukata maua, mtu huyo alioga mara ya pili na kuvaa shati la kola. Na aliona kwamba safari zenyewe ziliangukia saa zile zile ambazo yeye alikuwa kwenye mkutano wa akina mama kanisani, akiwaongoza wenzake katika maombi ya ndoa.

Alikereka. Alikereka vibaya. Usiku alimsikiliza mumewe akikoroma kwa amani, akajisemea kwamba mwizi tu ndiye anayelala hivyo, aliyekwisha kuuza mali.

Jambo moja tu lilimtatiza. Luseno alirudi na njaa. Alirudi na njaa ya kutisha, akala ugali wote na mboga ya mrenda yote, akakwangua sufuria. Ikiwa kulikuwa na mwanamke, ni mwanamke gani huyo asiyepika? Mideva alilifikiria swali hilo mpaka kwa upande fulani akahisi ametukanwa nalo: kwamba ameachwa kando kwa ajili ya mtu asiyejua hata kuteleka chai.

Sasa, ili mtu aelewe ni kwa nini Mideva hakumkabili mumewe waziwazi, ni lazima aelewe kwamba katika nyumba ile kuzungumza kulikuwa kumekatazwa tangu mwaka wa uchaguzi, na aliyekataza ni yeye mwenyewe. Mwaka huo, watu wakiwa bado wanaangaliana kwa makabila, kifungua mimba wao Everline aliondoka asubuhi moja kwenda kuishi na kijana fundi wa mbao aliyeitwa Mugo. Hakuja mzee hata mmoja kubisha mlango. Hakuna aliyeulizwa, hakuna aliyeombwa, hakuna hata kuku aliyetajwa, sembuse ng'ombe. Mideva alisimama katikati ya chumba akatamka, Luseno akisikia: "Hakuna mtu wa nyumba hii atakayevuka kizingiti cha nyumba hiyo mpaka mahari ije. Na siku nitakayolisikia jina lake humu ndani, mimi ndiye nitakayetoka."

Jina halikutajwa tena. Hata lake mwenyewe alilibadilisha. Majirani waliokuwa wakimwita Mama Everline, kama ilivyo desturi ya kumwita mtu kwa mtoto wake wa kwanza, aliwaamuru wamwite Mama Andati, kwa kitinda mimba aliyekuwa shule ya bweni. Ilichukua muda wakazoea. Lakini mtu ukishafunga mdomo wa nyumba, usishangae ukikosa wa kukuambia lolote.

Aliyekosa kuzoea kabisa ni Apondi, jirani wa mlango wa pili, aliyeuza samaki wa kukaanga na aliyetembea na beseni lake kutoka mtaa wa Shauri Moyo hadi mtaa wa Bahati. Jumatatu moja Apondi aliingia, akaketi bila kukaribishwa, akaanza kuikunja na kuikunjua kanga yake. Mideva akajua kuna neno.

"Mama Everline..." Apondi akaanza. "Haki pole. Mama Andati. Mimi sitaki maneno ya watu. Unanijua."

"Nakujua. Sema."

"Shemeji ana ndugu Bahati?"

"Hana."

"Eh. Basi labda ni macho yangu." Apondi akainuka, akaketi tena. "Lakini jana nilimwona kwa dirisha ya mama fulani huko. Amesimama nje, anaongea na mtu wa ndani, anapitisha maua kwa dirisha! Mzee mzima! Na haingii, anaangalia huku na huku tu, kama mtu ameiba. Kwani mwenye nyumba alikuwa karibu kurudi ama nini?"

"Ulimwona huyo mama?"

"Sasa ningemwonaje? Hiyo dirisha imejaa majani kama hii yako. Na yale mekundu mekundu, yako hapo pia."

Mideva alicheka, akasema Luseno bila shaka anauza maua, akamsindikiza Apondi mpaka mlangoni. Kisha akaketi kwenye cherehani, na mguu wake ukakanyaga pedali bila nguo yoyote chini ya sindano.

Lakini fundi hakati kitambaa kabla ya kupima. Apondi ana maneno mengi, na majani mekundu yangeweza kutoka popote. Mideva alitaka ushahidi usiobishaniwa. Jumamosi iliyofuata, Luseno akiwa kazini, alikata kipande cha uzi mwekundu, akalichagua tawi zuri kuliko yote katika lile ua jekundu, lile ambalo mumewe asingeweza kuliacha, akalifunga uzi chini ya majani ambapo rangi ingejificha. Alifunga fundo lake mwenyewe, lile la kuzungusha mara mbili na kuvuta upande wa kushoto, analomalizia kila nguo inayotoka mikononi mwake. Mama yake alimfundisha hivyo kijijini, na hakuna fundi mwingine aliyemjua aliyefunga namna ile.

Jumapili Luseno alikata maua. Mideva alirudi kutoka mkutanoni, akaenda moja kwa moja dirishani. Tawi lenye uzi halikuwepo. Jaani pia halikuwepo. Na Luseno aliporudi alikuwa na njaa kama kawaida, ila safari hii alimtazama mkewe katikati ya tonge, akatabasamu kidogo, akaendelea kula.

Tabasamu lile ndilo lililovunja kilichokuwa kimebaki. Asubuhi, mumewe alipokwisha kwenda kazini, Mideva alichukua mkasi. Si ule mkuukuu wa maua. Alichukua mkasi wake wa vitambaa, ule mzito aliokuwa ameukatazia ulimwengu mzima kuutumia kukatia kitu kingine, hata karatasi, kwa maana makali yake yakiharibika na kazi imeharibika. Akautia kikapuni, akajitanda leso, akafunga mlango.

Alivuka barabara ya Jogoo, akapita soko la Burma ambako wachinjaji walikuwa ndiyo kwanza wanatundika nyama. Alikuwa ameolewa na Luseno tangu wote wakiwa hawana mvi. Alimpenda, ingawa hilo ndilo jambo ambalo hakuwa akilisema mara nyingi. Alijua kwamba akiliona dirisha hilo, na akauona uzi wake, hatakuwa na mume tena, na bado miguu yake ilikwenda.

Alipofika Bahati, kijana aliyekuwa anaosha magurudumu ya mkokoteni alimwonyesha. "Dirisha ya maua, mathee? Ni ile pale, ya kona. Haiwezi kukupotea."

Halikuweza kupotea kweli. Dirisha lilikuwa dogo kuliko lake, halina vyuma, ubao wake umefunguliwa nje, na lilikuwa limezibwa lote. Mideva aliyatambua maua yale moja baada ya jingine, kama mtu anayekuta vyombo vyake vimeanikwa kwa jirani. Lile la kutambaa, lile la majani mazito, watoto wa maua yake mwenyewe, wamenenepa kwa maji ya nyumba nyingine. Na mbele kabisa, kwenye mkebe mpya wa Kasuku, lilisimama tawi jekundu. Akainama. Akafunua majani ya chini kwa kidole.

Uzi ulikuwepo.

Ndani kulikuwa na mtu anayepiga mwimbo kwa pua, na vikombe vilivyogongana. Pazia la majani lilikuwa zito, hakuona kitu. Mideva akatoa mkasi kikapuni. Hakubisha mlango. Angesema nini mlangoni? Alishika shina la kwanza akakata. Akashika la pili akakata. Hakutafuta kifundo, hakutafuta mshazari, alikata kwa hasira, na majani yalimwangukia miguuni, na machozi yalimtoka bila ruhusa yake.

Mwimbo ukakoma.

"Baba? Leo si Jumapili, mbona umekuja?"

Mkasi ukasimama. Sauti ile Mideva aliijua. Aliijua tangu ilipokuwa ni kilio tu, haijapata neno la kwanza.

Mkono ulitokea kwa ndani ukayasukuma kando majani yaliyobaki, na katika tundu alilolikata yeye mwenyewe kikatokea kichwa kilichofungwa kitambaa, kisha macho, kisha uso mzima wa Everline. Alikuwa amenenepa mashavuni. Begani alikuwa amembeba mtoto mchanga aliyelala mdomo wazi.

Everline aliutazama mkasi wa vitambaa, ambao utotoni alichapwa kwa kuutumia kukatia karatasi, akayatazama majani chini, akamtazama mama yake. Kisha akaanza kulia na kucheka pamoja.

"Nilijua utakuja," alisema. "Nilimwambia baba, mama atakuja mwenyewe."

"Ulijuaje?" Mideva aliuliza.

"Si uzi wako?" Everline aligusa shina la lile tawi jekundu. "Baba alikuwa akiniletea maua tu. Nikimuuliza, mama anasemaje, ananyamaza. Jana aliponipa hili nikaona fundo lako. Fundo lako, mama, nilishonewa nalo nguo zote! Nikamwambia baba, tazama, mama amenitumia salamu. Ameniachilia. Baba akauangalia huo uzi, akaduwaa, halafu akacheka mpaka akamwamsha mtoto. Sikulala usiku kwa furaha."

Mideva alifungua mdomo. Alikuwa na ukweli tayari kwenye ulimi: kwamba uzi ule ulikuwa mtego, kwamba aliufunga kwa kisirani, kwamba hata mkasi huu haukuja kwa wema. Aliutazama uso wa mwanawe, uliokuwa umesubiri uzi kwa miaka miwili, akaumeza ukweli ule wote kwa mkupuo.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi niliyeufunga."

Everline alifuta macho kwa kiganja. "Mwambie baba awe anakula. Nampikia kila akija, anakataa. Namwekea kiti hapo nje, hakai. Anasema nyumba ya binti asiyetolewa mahari baba haingii, haketi, na hatii kitu mdomoni. Na anasema aliapishwa. Basi anasimama hapo hapo ulipo, ananikatia maua yasinizibie mwanga, anamwangalia mtoto, anaenda na njaa yake."

Kumbe. Mideva alikumbuka sufuria zilizokwanguliwa, Jumapili baada ya Jumapili. Alikuwa amelala kando ya mtu aliyetii kila neno la kiapo chake, hakuvuka kizingiti, hakulitaja jina, na bado akapata njia ya kumwona mtoto wao kupitia tundu la dirisha. Naye akamwita mwizi. Alitamani mumewe awe pale ili amgombeze, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kuomba msamaha.

"Na huyo Mugo wako?" aliuliza kwa ukali, ili asilie tena.

"Wazee wake wanakuja mwezi wa kumi na mbili. Walitaka kuja mapema, wakaogopa."

"Wanaogopa nani?"

Everline alimtazama tu, kisha akautazama mkasi mkononi mwake.

"Mtoto ni nani?"

"Wakiuru. Ni jina la mama yake Mugo. Kwao msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake." Akaongeza haraka, "Wa pili ni wako, mama."

Mideva aliguna, kana kwamba atalifikiria. "Mlete hapa."

"Ingia basi. Mlango uko wazi."

Ulikuwa wazi kweli, na harufu ya chai ilikuwa inatoka. Mideva alikitazama kizingiti. Kilikuwa ubao tu, kimelika katikati. Akatikisa kichwa. "Siwezi. Unajua siwezi. Mpaka mwezi wa kumi na mbili."

"Najua."

Basi mtoto alipitishwa dirishani, juu ya mikebe, na majani mawili yalimshika kwenye blanketi akaja nayo. Mideva alimpakata kwa mkono mmoja, maana mwingine bado ulishika mkasi. Alikuwa mzito, ana joto, na alikuwa na kidevu cha Luseno. Mideva akamnusa kichwani. Kisha akayatazama maua aliyoyachinja, akaona haya.

"Nimeyaharibu," alisema. "Lete jivu."

Everline alileta jivu kwenye kifuniko. Mideva akaanza upya, taratibu, mtoto akiwa begani. Alitafuta kifundo, akakata juu yake kwa mshazari kama alivyomwona mumewe akifanya Jumapili zote zile alizokuwa akilalamika, akayaondoa matawi yaliyoelekea ndani, na Everline akayapaka jivu majeraha kutoka upande wake. Mwanga uliingia chumbani kidogo kidogo. Aliona kitanda, aliona meza nzuri iliyotengenezwa na mtu anayeijua kazi yake, aliona ukutani nguo aliyokuwa amemshonea Everline siku ya kupokelewa kanisani.

"Mama Wakiuru!" Sauti ilipasuka nyuma yake. Jirani mmoja, mwanamke mpana, alikuwa amesimama uwanjani, ndoo mkononi. "Ni nani tena hapo kwa dirisha yako? Jana ni mzee, leo ni mama na mkasi! Na amekushikia mtoto! Wewe mama, hebu geuka. Wewe ni nani?"

Mideva aligeuka. Jibu alilokuwa amelizoea lilikuwa tayari mdomoni, akalirudisha.

"Mimi ni Mama Everline," alisema. "Nakata maua. Yalikuwa yamenifichia mtoto."